Tableti Namba Saba

Tarehe 14 Januari

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu mbili. Ya kwanza, wewe mwenyewe unalalamika kuwa simu hukatika kabla hujafika kwenye neno lenyewe. Ya pili, hapa kazini simu zetu tunaziacha getini kwa mlinzi, na zile tunazopewa na kampuni zinasomwa. Karatasi bado hawajaitegea mtego.

Nimepewa kazi kubwa na imenikalia kooni. Unajua tunauza vitabu vya kusikiliza. Mtu akilipia anasikiliza, lakini hawezi kunakili wala kumpa jirani, na muda wake ukiisha kitabu kinajifunga. Sasa wachapishaji wakubwa wanataka kutuletea vitabu vyao vyote, ila wametoa sharti: kwanza tuwaonyeshe kufuli letu lina nguvu kiasi gani. Kazi yangu ni kuuchora huo ulinzi. Namchora kila anayekigusa kitabu, tangu msomaji anapokisoma studio hadi kinapoingia sikioni mwa mteja. Ufunguo uko wapi, uko kwa nani, kwa muda gani. Kisha nageuka adui na kujiuliza ningeingilia wapi. Maadui wangu wanne nimewabandika ukutani: mteja mwenye tamaa, fundi mtundu, genge linalouza nakala, na mtu wa ndani.

Mchoro umejaa mishale mpaka unafanana na nywele za mtu aliyeamka sasa hivi, na bado naona kuna mahali panavuja. Wewe umetunza stoo ya hospitali miaka ishirini na miwili na hujapoteza hata bandeji. Hebu niambie: ungekuwa mwizi, ungefanyaje?

Halafu, ile tableti niliyomletea Shemeji si zawadi. Ni ya majaribio, nimeitoa kabatini kazini. Itajifunga yenyewe tarehe 20 Februari. Msiionyeshe watu.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 21 Januari

Kitinda wangu,

Marahaba, na Mungu akuzidishie. Barua yako nimeisoma stoo nikiwa nimekalia boksi la glovu, nikacheka mpaka muuguzi akachungulia. Mtu mwenye vyeti vya kujaza ukuta ananiuliza mimi wa darasa la saba namna ya kuiba!

Basi sikiliza. Mwizi wa stoo yangu hajawahi kuvunja kufuli. Anakuja mchana kweupe, ana fomu imesainiwa, na ananisalimia vizuri kuliko wote. Akiniuliza habari za mume wangu mara mbili, nahesabu maboksi mara tatu. Kwa hiyo mimi siogopi anayegonga mlango, naogopa niliyemfungulia.

Lakini kazi yako wewe ina kichekesho ambacho kwangu hakipo. Mimi namfungia mwizi nje. Wewe unamwuzia mtu kitabu, unampa na ufunguo ili asikie, kisha unakaa unamwogopa huyo huyo! Mgeni umemkaribisha mwenyewe, sasa unahesabu vijiko. Nilipomsomea mume wangu, Mwalimu, barua yako alisema, "Ina maana mimi hapa ndiye adui namba moja?" Nikamwambia ndiyo, tena jiheshimu.

Njia yangu moja nitakupa. Mashuka ya hospitali yote ni meupe, yote yanafanana. Zamani yakipotea kila wodi ilisema si yetu. Nikaanza kushona uzi ndani ya pindo: wodi ya wazazi mwekundu, ya watoto kijani, ya upasuaji bluu. Shuka likionekana limeanikwa kwenye kamba ya mtu mtaani, nafunua pindo, najua limetoka wapi. Hakuna anayeuona uzi asipoutafuta. Labda na vitabu vyako vinaweza kushonwa.

Sasa habari za shemeji yako. Wewe ulimwona alivyokuwa. Tangu macho yazime, miezi minane, alikuwa anakaa kwenye kiti kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe. Mwalimu wa jiografia miaka thelathini, aliyekuwa hanyamazi hata akila! Sasa anasikiliza kile kitabu cha mito. Jana kaniita jikoni kwa sauti, "Mama, njoo usikie mto unavyopinda!" Nilibaki na mwiko hewani. Nimemshukuru Mungu kwa magoti yote mawili, hata lile bovu.

Kitabu kina sura arobaini na moja. Yeye husikiliza taratibu, anarudia, anabishana na msomaji. Tarehe 20 itamkuta njiani. Je, huwezi kuongeza siku?

Dada yako


Tarehe 19 Februari

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Hapa tumekuwa tunaishi kazini.

Uzi wako umenipandisha chati! Nilimpelekea Bosi, akaniangalia kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Tangu tarehe mosi mwezi huu kila nakala ina uzi wake, alama ndani ya sauti ambayo sikio halisikii. Vifaa vyote vya majaribio vimeshatiwa, hata hicho cha Shemeji, kilijitia chenyewe kilipopata mtandao. Lile tundu lililokuwa linaninyima usingizi ni kwamba sauti lazima itoke ndipo isikike, na ikishatoka mtu anaweza kuweka simu pembeni akairekodi. Tundu hilo haliwezi kuzibwa. Ila sasa hata mtu akirekodi chumbani, mbwa wakibweka na sufuria zikianguka, uzi unabaki. Tunausoma, tunajua nakala imetoka kwenye kifaa gani.

Mwenzangu wa meza, yule mama kijana, amerudi kutoka likizo ya uzazi. Nilipomsimulia kuhusu mashuka alisema, "Dada yako aajiriwe, wewe ukatunze stoo." Ananikumbusha wewe, ana mdomo na ana huruma.

Kuhusu siku za Shemeji, siwezi. Naandika kwenye mchoro kwamba muda ukiisha hakuna wa kufungua. Nikimfungulia ndugu yangu, mchoro wote ni uongo. Naomba unielewe. Mwambie nitatafuta njia halali.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 27 Februari

Kitinda,

Hatujambo. Barua imefika. Tableti ilijifunga tarehe 20 kama ulivyosema, Mwalimu alikuwa sura ya ishirini na mbili. Amepokea. Nimeifunga kwenye taulo na kuiweka kabatini chini ya mashuka yetu.

Hongera kwa kupandishwa chati. Nilikuwa nauliza tu, maana watu wa stoo tunapenda kujua: huo uzi, hauozi? Mtu akiwa amerekodi kwa simu ya zamani, yenye spika mbovu, bado mnauona? Na mkishauona, huwa mnafanya nini? Mnamwandikia mtu barua kwanza au mnakwenda polisi moja kwa moja?

Mwalimu ni mzima. Jana kacheka peke yake kwa ajili ya yule mpima ramani wa sura ya ishirini na tisa, aliyepotea kwenye mto alioupima mwenyewe. Anasema ni sisi sote.

Leo sina mengi. Goti linauma, na kanisani tuna maombi ya wiki nzima. Niombee nami nikuombee.

Dada yako


Tarehe 9 Machi

Dada,

Shikamoo. Soma barua hii ukiwa peke yako.

Kitabu cha mito kimevuja. Chote, sura arobaini na moja. Kimezunguka kwenye simu za watu, kwanza vipofu na wagonjwa wa macho, kliniki hadi kliniki, kisha mtu fulani akakipandisha mtandaoni na wachapishaji wakakisikia. Bosi aliitwa. Alirudi hana rangi. Wamesema hawatatia saini mpaka mwenye kosa apatikane.

Tumeusoma uzi. Ni tableti namba saba.

Daftari la vifaa linasema namba saba ilisainiwa na mwenzangu wa meza, mwezi wa kumi. Alipokwenda kujifungua aliiacha kabatini bila kusaini kuirudisha. Mimi niliikuta pale, nikaichukua bila kusaini kuichukua. Haraka ya safari tu, Dada, basi lilikuwa linaondoka. Kwenye daftari jina la mwisho ni lake.

Amesimamishwa kazi tangu Alhamisi. Aliapa hajui ilipo tableti. Bosi akamwambia, "Hujui ilipo, lakini jina ni lako." Kikao cha nidhamu ni tarehe 24 saa nne asubuhi. Akikutwa na hatia anafukuzwa, na hakuna kampuni ya kazi hii itakayompokea tena. Mtoto wake ana miezi minne.

Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Sikusema kitu.

Sasa jambo lenyewe. Katika sura ya thelathini na moja, msomaji akiwa anaeleza maporomoko, kunasikika mtu anabisha hodi, halafu sauti ya mwanamke inasema, "Hatupo!" Bosi ameirudia mara kumi anajaribu kuitambua. Mimi niliisikia mara moja. Nimekua nikiisikia sauti hiyo.

Nikarudi kwenye barua yako. Tableti imefungwa sura ya ishirini na mbili, na wiki moja baadaye Shemeji anacheka sura ya ishirini na tisa.

Niambie nimekosea. Kama sijakosea, basi usiniambie. Choma barua hii, na wewe ukae kimya. Hakuna mwingine anayeijua sauti hiyo. Huenda wakampa onyo tu.

K.


Tarehe 14 Machi

Kitinda,

Barua nimeituma kwa gari la vifurushi ili ifike haraka. Hujakosea, na nimekataa kuichoma yako.

Nilichukua likizo yangu ya siku tano, kuanzia tarehe 10 Februari. Mwalimu nilimwambia nimepewa mapumziko kwa ajili ya goti. Asubuhi nilimpeleka kwa rafiki yake wa fimbo nyeupe, kipofu mwenzake, wakakaa barazani wakibishana. Mimi nikafunga madirisha ya chumbani, nikaweka tableti kwenye mto mmoja wa kitanda na simu yangu kwenye mto wa pili, kama wagonjwa wawili, nikakaa katikati. Sura ya kwanza hadi ya mwisho, siku zote tano. Sikukohoa. Sikuwasha feni. Jirani alipobisha hodi ndipo ulimi ukaniponyoka. Nani anasema "hatupo" akiwa yupo? Mwongo mjinga.

Nilijiambia si wizi. Nilijiambia sauti ikishatoka ni hewa, na hewa haina mwenyewe. Lakini nilifunga madirisha, Kitinda. Mtu asiyeiba hafungi madirisha mchana.

Kumnyima Mwalimu mito yake nisingeweza, nikawa namwekea simu kana kwamba ni tableti. Nikamrushia na rafiki yake wa fimbo, na rafiki akawapa wenzake kliniki. Nilipopata barua yako ya uzi, kitabu kilikuwa kimeshatoka mikononi. Nikakuandikia ule upuuzi wa spika mbovu. Nilidhani nakuficha wewe, kumbe najificha mimi.

Sasa kuna kitu ambacho sikukuandikia Januari, na ndicho kinachoniumiza zaidi ya yote. Nilikusimulia nusu ya habari za mashuka kwa sababu nusu ile inanipendezesha.

Miaka tisa iliyopita, shuka lenye uzi wa kijani lilionekana kwenye nyumba moja mtaani. Wodi ya watoto. Aliyekuwa amelisaini ni mhudumu mmoja, mwanamke mnyamavu, alikuwa akinisaidia kukunja nguo siku za Ijumaa bila kuombwa. Nilifunua pindo mbele ya mkubwa wa hospitali, nikasema, "Uzi haudanganyi." Alilia, akasema hakulichukua. Akafukuzwa siku ile ile. Nilisifiwa.

Mwaka uliofuata muuguzi mmoja wa wodi hiyo alikuja stoo kuniaga, anahamishwa. Akaniambia shuka lile alilitoa yeye. Kuna mama alifiwa na mtoto wodini, hana hata kanga ya kumfunikia, muuguzi akavua shuka kitandani akamvika maiti. Lile lililoonekana kwenye ile nyumba ni hilo hilo, yule mama aliyefiwa alilifua akalitunza. Muuguzi aliogopa kusema. Nami baada ya kuambiwa niliogopa kusema. Nilijiambia yaliyopita yamepita.

Yule mhudumu bado tunakutana njiani. Ananisalimia. Kila akinisalimia nasikia kama nimepigwa kofi.

Uzi unataja wodi, hautaji mkono. Nilijua hivyo nilipokupa njia yangu, nikakaa kimya, nawe ukauchora kwenye mchoro wako kama ulivyoupokea. Sasa kuna mama mwingine analia mbele ya wakubwa, na jina ni lake lakini mkono si wake. Usiniambie atapewa onyo. Mimi nimekaa upande ule wa meza, najua kinachotolewa.

Nenda kaseme kabla ya tarehe 24. Sema uliichukua wewe, ukamwachia dada yako, dada yako akaiba. Nitaje.

Dada yako


Tarehe 18 Machi

Dada,

Unaandika kana kwamba ni kwenda kuungama na kurudi nyumbani kula.

Mimi ndiye niliyechora maadui wanne. Wa nne ni mtu wa ndani anayetoa kifaa bila kusaini. Nikisema, sipotezi kazi tu, nakuwa mfano. Watanibandika ukutani kwenye mchoro wangu mwenyewe. Na wewe? Umebakiza miaka mitatu ustaafu. Unadhani hospitali itamwacha stoo mtu aliyekiri kunakili mali ya watu? Wachapishaji wana wanasheria wasio na kazi nyingine. Na Shemeji, ambaye hata chai hawezi kujimiminia, atabaki na nani ukiitwa mahakamani mara tatu kwa mwezi?

Futa kila kitu kwenye simu. Mwambie rafiki wa Shemeji naye afute. Nipe mpaka tarehe 24 ipite, nione wameamua nini, kisha nitatafuta namna ya kumsaidia kwa siri. Nitamwandikia barua ya sifa. Nitamtafutia mahali.

Jana nilikutana naye getini. Alikuja kuchukua kikombe chake na koti, mtoto mgongoni. Mlinzi, ambaye zamani alikuwa akimtania kutwa, aliangalia pembeni. Mimi nilimsalimia. Akaniambia, "Wewe peke yako ndiye umenisalimia. Mungu akubariki."

Sijala tangu jana. Usije huku, Dada. Nakuomba usije.

K.


Tarehe 21 Machi

Kitinda wangu,

Nimemsomea Mwalimu barua zako zote na zangu zote, nilikuwa nimeandika nakala. Nilisoma kwa sauti nikiwa nimeketi chini.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilijua haikuwa tableti. Tableti haipumui." Kumbe tangu sura ya ishirini na tatu alikuwa ananisikia nikivuta pumzi nyuma ya msomaji. Nikamwuliza mbona hakusema. Akasema, "Nilitaka kujua mto unaishia wapi." Sote wawili tulikuwa tunajua, kila mmoja anamficha mwenzake, kwenye kitanda kimoja.

Amebakiza sura tatu. Amesema hatazisikiliza. Kuhusu chai, anasema nikuambie alijimiminia leo asubuhi, kajiunguza kidole kimoja, na vilivyobaki ni tisa.

Sijafuta kitu. Kesho kutwa napanda basi la alfajiri, na simu iko kwenye mkoba. Usiku nitalala kwenye nyumba ya wageni ya kanisa. Sitamwandikia Bosi wako kisirisiri, wala sitakuvua nguo mbele ya watu. Hiyo nilishamfanyia mtu mmoja. Tarehe 24 kuanzia saa mbili nitakuwa kwenye benchi la mlinzi wenu. Sitauliza mtu kitu. Nitakungoja wewe mpaka saa nne. Ikifika saa nne hujaniita, nitasimama na kuingia mwenyewe, na hapo utakuwa umechelewa kusema lililo lako.

Usiku huu nimekuombea kwa jina ulilopewa utotoni, si hili la utani. Nilikubeba mgongoni mpaka ukagoma kubebwa. Sikukubeba ili uje ukae kimya huku mama wa mtu anakushukuru kwa salamu.

Dada yako


Tarehe 24 Machi, saa tatu na nusu. Kwa mkono wa mlinzi.

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Nakuona kutoka dirishani, wewe tu, maana nguzo ya geti imelikata benchi nusu. Umevaa lile vazi lako la Jumapili. Usisimame kwanza, soma.

Niliingia kwa Bosi saa moja na nusu, kabla hujafika, kabla sijapata nafasi ya kufikiri vizuri. Nilisema namba saba niliitoa mimi kabatini bila kusaini, nikampa ndugu yangu kwa ajili ya mgonjwa, na huko ndiko ilikorekodiwa. Nilisema mwenzangu hajui chochote. Nikasema pia kwamba mchoro wangu ulikuwa na kosa, nilichora kifaa na jina, sikuchora mkono, na mtu yeyote atakayehukumiwa kwa mchoro ule atahukumiwa kwa makadirio. Kadi yangu ya mlangoni ameshaichukua. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Aliniuliza, "Ndugu yako yupi?" Neno hilo moja nilishindwa.

Wachapishaji wameleta watu wawili. Mmoja anaamini. Mwingine anasema nimebuni ndugu ili kumfunika mwenzangu, kwa kuwa tunakaa meza moja na nilikuwa nikimsalimia. Anasema bila mtu mwenyewe na simu yenyewe, kikao kitaanza saa nne dhidi yake kama kilivyopangwa.

Sitakudanganya. Nimeomba waahidi hawatakushtaki, wamekataa kuahidi. Nimeomba wasipige simu hospitalini kwako, hawakujibu. Basi la kurudi linaondoka saa tano kituo cha mbele. Ukiondoka, hakuna atakayekufuata, maana jina lako halijulikani hapa, na mimi sitakulaumu leo wala siku nitakayokufa.

Mlinzi atasubiri jibu.

Mdogo wako,
Kitinda


Nyuma ya karatasi hiyo hiyo

Kitinda,

Mlinzi ameniazima kalamu, na anasoma begani kwangu, basi na asome.

Benchi hili tulikuwa wawili tangu saa mbili. Dada mmoja kijana alikuwa amekaa pembeni yangu na mtoto anayelialia, nikamwambia nipe nikusaidie, una mkono mmoja tu na bahasha. Akanipa. Tukazungumza habari za meno ya watoto. Sikumjua naye hakunijua, hadi mlinzi alipokuja na barua yako akamwambia, "Nawe ujiandae, kikao chako saa nne."

Nimemwambia. Kabla ya Bosi wako na kabla ya wale wawili, nimemwambia yeye: ni mimi niliyerekodi, na kaka uliyemshukuru kwa salamu ni mdogo wangu. Nimesema yote, hata "hatupo".

Ananiangalia tu, na machozi yanamtoka, sijui ni ya hasira au ya nini. Lakini hajanyoosha mkono kumchukua mtoto. Bado ninaye.

Waambie waongeze kiti. Tunaingia sote.

Dada yako